Amekimbia, Amekimbilia, Amekimbizwa



Katika somo hili tutajifunza neno moja ambalo sote tunalitumia kila siku. Neno hilo ni KIMBIA. Tunalijua tangu utotoni. Lakini kulisema ni jambo moja, na kuliandika ni jambo lingine. Ukiacha herufi mbili tu, habari inageuka. Anayekwenda mahali anaonekana kama anatoroka mahali hapo.

Kwanza soma hadithi hii. Ni hadithi ya kufundishia. Isome polepole, kisha tutajadili.

UJUMBE WA SHANGAZI

Ilikuwa majira ya kilimo cha mpunga katika bonde la Kilombero. Watu wengi walikuwa wamehamia mashambani, mbali na kijiji, kama ilivyo desturi. Huko walijenga vibanda, wakaishi humo mpaka kazi za shamba ziishe.

Katika kibanda kimoja waliishi Baba, Mama, watoto wao watatu, na Shangazi. Shangazi ni mdogo wake Baba. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo, na alijivunia sana elimu hiyo.

Siku moja Baba alipata habari kwamba kaka yake anaumwa huko Mlimba. Akajiandaa kwenda kumwona. Mama akamwambia, "Baba watoto, huyu mdogo ana joto. Tuachie fedha kidogo." Baba akajibu kwamba fedha iliyopo ni ya safari, na mtoto apelekwe zahanati. Wakabishana. Baba akaondoka na hasira. Mama naye akabaki na hasira.

Usiku wa pili, saa nne, mtoto alishikwa na degedege. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka juu. Jirani mmoja akashauri wangoje kuche, watafute dawa ya mizizi kwanza. Mama akakataa. Akamfunga mtoto kifuani, akaenda mpaka barabarani. Kijana mmoja mwenye pikipiki akawachukua, wakaenda hospitali mjini Ifakara usiku ule ule.

Shangazi alibaki na watoto wengine. Kulipopambazuka alikwenda hadi barabarani, mahali ambapo simu hupata mtandao. Betri ya simu ilikuwa karibu kwisha. Hakuweza kupiga, akaandika upesi:

"Shikamoo kaka. Wifi amekimbia hospitali na mtoto usiku. Njoo."

Ujumbe ukaenda. Simu ikazima.

Baba aliupata ujumbe huo akiwa Mlimba. Akausoma mara ya kwanza, akausoma tena. Akajiambia, "Kumbe mtoto alikuwa amelazwa, na mke wangu amemtorosha usiku. Ana hasira na mimi. Amekwenda kwao Mahenge." Alipiga simu, haikupatikana. Akapanda gari la kwanza.

Njia ilikuwa na matope, gari likaenda polepole. Mchana Baba alishuka stendi ya Ifakara. Hapo alikuwa karibu kabisa na hospitali alimolazwa mtoto wake. Lakini hakwenda huko, kwa sababu aliamini mtoto hayupo hospitali. Akapanda gari lingine, akavuka Daraja la Magufuli katika Mto Kilombero, akapita Lupiro, akapanda milima mpaka Mahenge.

Mama mkwe alimpokea kwa mshangao. "Mwanangu, karibu. Mbona peke yako? Mke wako na wajukuu hawajambo?"

Baba alisimama mlangoni, hakujua la kusema.

Wakati huo huo, kule hospitali, mtoto alikuwa ameishiwa damu kwa sababu ya malaria kali. Daktari alitaka ndugu wa kumtolea damu. Mama alikuwa mjamzito, hakuruhusiwa kutoa. Akaulizwa, "Baba mtoto yuko wapi?" Akajibu, "Amepelekewa habari, yuko njiani." Aliangalia mlango siku nzima. Baba hakutokea.

Basi yule kijana wa pikipiki alirudi jioni kuwajulia hali. Aliposikia shida hiyo akasema, "Nipimeni mimi." Alipimwa, damu yake ikafaa. Mtoto akaongezewa damu.

Baba alifika hospitali siku ya pili asubuhi. Alimkuta mtoto amekaa kitandani, anakunywa uji. Mama alimtazama tu. Hakumlaumu, lakini hakumkaribisha.

Waliporudi shambani, Baba alimwonyesha Shangazi ujumbe.

"Mdogo wangu, soma ulichoniandikia."

Shangazi akasoma kwa sauti. "Wifi amekimbia hospitali na mtoto usiku. Ndiyo, kaka. Alikimbia kwenda hospitali."

"Neno 'kwenda' liko wapi?"

Shangazi akatafuta katika simu. Halikuwepo. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kaka, nisamehe. Mimi nilijua maana yangu. Sikujua wewe utapata maana nyingine."

Baba naye akasema, "Na mimi nina kosa. Niliondoka na hasira, ndiyo maana nilisoma kwa hasira. Hata kuuliza sikuuliza."

KOSA LILIKUWA WAPI?

Tuangalie sentensi hizi tatu. Zisome kwa sauti, moja baada ya nyingine.

1. Mama amekimbia hospitali.
2. Mama amekimbilia hospitali.
3. Mama amekimbizwa hospitali.

Sentensi ya kwanza: Mama alikuwa hospitali, akaondoka bila ruhusa. Ameiacha hospitali.

Sentensi ya pili: Mama alikuwa mahali pengine, akaenda hospitali kwa haraka ili kupata msaada.

Sentensi ya tatu: Mama anaumwa. Watu wengine wamempeleka hospitali kwa haraka. Yeye hakutumia miguu yake.

Hospitali ni ile ile, na Mama ni yule yule. Lakini habari ni tatu, na kila habari inamtaka msomaji afanye jambo tofauti.

Pengine utasema, "Mbona sisi husema 'amekimbia hospitali' na watu huelewa?" Ni kweli. Tunapozungumza, mwenzako anakuona uso. Unanyosha mkono kuonyesha upande. Asipoelewa anauliza hapo hapo. Lakini maandishi hayana uso wala mkono. Anayesoma yuko mbali, na wewe hupo karibu naye wa kumfafanulia. Kwa hiyo kila herufi lazima ifanye kazi yake.

UKOO WA NENO KIMBIA

Neno kimbia ni kama mzazi mwenye watoto wengi. Watoto wamefanana, lakini kila mmoja ana kazi yake. Tuwatazame.

KIMBIA. Maana ya kwanza ni kwenda kwa mbio. "Watoto wanakimbia uwanjani." Maana ya pili ni kuondoka mahali kwa hofu, au kuepa jambo. "Amekimbia deni." Ukiweka mtu anayekimbiwa, maana hii ya pili inaonekana wazi: "Mtoto anamkimbia mbwa." Mtoto anaogopa, anakwenda mbali na mbwa.

KIMBILIA. Hapa tumeongeza LI. Maana yake ni kwenda mbio kuelekea mahali au kwa mtu. "Mtoto anamkimbilia mama yake." Mtoto anakwenda karibu na mama, hamwogopi.

KIMBIZA. Hapa kuna Z. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kumfuata mtu au mnyama kwa mbio ili kumkamata au kumfukuza: "Mbwa anamkimbiza ngedere." Maana ya pili ni kupeleka kwa haraka: "Jirani alimkimbiza mgonjwa hospitali." Ukitaka maana ya pili ieleweke, taja mahali anakopelekwa. Ukiandika tu "Jirani alimkimbiza mgonjwa," msomaji atadhani jirani ana wazimu.

KIMBIZWA. Huyu hafanyi, bali anafanyiwa. "Mgonjwa amekimbizwa hospitali." Sote tunamjua mwingine anayekimbizwa kila mwaka: Mwenge wa Uhuru. Mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Tunaposema Mwenge unakimbizwa, hatuna maana kwamba kuna mtu anaufukuza. Maana yake ni kwamba watu wanaubeba na kuupeleka mahali hadi mahali.

KIMBIWA. Huyu ameachwa. "Bwana yule amekimbiwa na mkewe." Hili ndilo neno lililokuwa kichwani mwa Baba njia nzima kutoka Mlimba hadi Mahenge.

KIMBIZANA. Hawa ni wawili au zaidi. "Watoto wanakimbizana."

Sasa fikiri juu ya shamba la mpunga. Sote tunajua kazi ya kuamia ndege. Mtu akikuletea habari kwamba "Ndege wamekimbia shamba lako," utafurahi, kwa maana ndege wameondoka. Akikuletea habari kwamba "Ndege wamekimbilia shamba lako," utatupa kijiko cha ugali na kuondoka mbio. Tofauti yake ni herufi mbili: L na I.

MKIMBIAJI NA MKIMBIZI

Kutokana na neno kimbia tunapata pia majina ya watu.

Mkimbiaji ni mtu anayekimbia katika mashindano. Mkimbiaji wetu mashuhuri ni Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Wakati ule hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia mbio hizo kwa muda mfupi kama huo. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwingine ni John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Olimpiki huko Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti. Mshindi alifika zaidi ya saa moja kabla yake. Hata hivyo Akhwari aliendelea, akachechemea mpaka mwisho. Huyu alikimbia katika mashindano, lakini hakuyakimbia mashindano. Je, umeona tofauti?

Mkimbizi ni mtu mwingine. Yeye ameacha nchi yake au makazi yake kwa sababu ya vita au mateso. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi, wakakimbilia Tanzania. Wengi wao walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sentensi hiyo ina maneno mawili ya ukoo wetu. Walikimbia nini? Mauaji. Walikimbilia wapi? Tanzania. Ukiyabadilisha maneno hayo, utawatukana watu waliopata taabu.

Mahali mtu anapopata usalama panaitwa kimbilio. Kwa yule mtoto wa hadithi yetu, hospitali ilikuwa kimbilio.

HARAKA, UPESI, KASI NA SPIDI

Yapo maneno mengine ya mwendo. Haya tutayapitia kwa ufupi.

HARAKA na UPESI hueleza kazi inayofanywa kwa muda mfupi. Kazi hiyo si lazima iwe ya miguu. Unaweza kula upesi, kuandika upesi, hata kujenga upesi. Neno haraka lilitoka katika Kiarabu.

KASI hueleza nguvu na wepesi wa mwendo wenyewe. Maji ya mto huenda kasi wakati wa mafuriko. Gari huenda kasi.

Chukua mfano wa reli ya TAZARA inayopita katika bonde letu. Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na njia yote ilikuwa imetandikwa mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa. Basi tunasema reli ilijengwa upesi. Hatusemi reli ilijengwa mbio. Lakini treni inayopita juu yake tunasema inakwenda kasi.

SPIDI ni neno lililotoka katika Kiingereza. Siku hizi madereva na abiria hulitumia sana. Maana yake ni kiasi cha mwendo. Kibao cha duara chenye namba 50 kando ya barabara kinamwambia dereva asizidi kilomita 50 kwa saa. Gari linalokwenda kwa spidi hiyo hupita karibu mita 14 kila sekunde. Yaani mtoto akiteleza barabarani, na wewe ukasema "Lo!", gari limekwisha kupita urefu wa nyumba. Kwa hiyo ukiwa abiria, na ukaona kibao cha 50, unayo haki ya kumwambia dereva, "Ndugu, punguza mwendo."

JINSI YA KUANDIKA HABARI YA HARAKA

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Tena walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, wahenga walijipinga? Hapana. Kila methali ina mahali pake. Mama alipokataa kungoja asubuhi alifanya vema. Shangazi alipoandika bila kurudia kusoma alikosea.

Unapoandika habari ya haraka, hakikisha umejibu maswali haya manne:

1. Ni nani? Taja mtu. "Mtoto mdogo."
2. Amepatwa na nini? "Ameshikwa na degedege."
3. Yuko wapi sasa? "Yuko hospitali ya Ifakara na wifi."
4. Unamtaka msomaji afanye nini? "Njoo moja kwa moja hospitali."

Kama Shangazi angefuata mpango huu, angeandika hivi:

"Shikamoo kaka. Mtoto mdogo ameshikwa na degedege. Wifi amemkimbiza hospitali ya Ifakara usiku. Njoo moja kwa moja hospitali."

Ujumbe huu si mrefu sana. Kuuandika kungemchukua dakika moja au mbili zaidi. Baba alipoteza karibu siku nzima.

Na wewe unayepokea habari, usikimbilie maana ya kwanza inayokujia. Soma mara mbili. Kama habari inakushtua, uliza kwanza. Usipompata aliyeandika, tafuta mtu mwingine wa karibu. Baba alipita Ifakara mchana kweupe. Kama angeuliza hospitali, angemkuta mwanawe.

NENO KUHUSU DEGEDEGE

Wazazi wengi wa zamani waliamini kwamba degedege haitibiwi hospitali. Imani hiyo imewagharimu watoto wengi maisha yao. Mara nyingi degedege kwa mtoto mwenye homa ni dalili ya malaria kali, au ya ugonjwa mwingine mkubwa. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile. Lakini ukiona dalili hizi, usingoje hata saa moja:

- Mtoto ameshikwa na degedege.
- Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
- Mtoto anatapika kila kitu.
- Mtoto amelegea sana, au amepoteza fahamu.
- Mtoto anapumua kwa shida.

Hapo mkimbize hospitali. Usimkimbie. Na kila usiku mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata mkiwa katika kibanda cha shambani.

MASWALI

1. Kwa nini Baba alikwenda Mahenge badala ya kwenda hospitali?
2. Shangazi angeongeza herufi gani ili ujumbe uwe sahihi?
3. Nani aliyemtolea mtoto damu? Kwa nini Mama hakutoa?
4. Eleza tofauti kati ya mkimbiaji na mkimbizi.
5. Baba alisema, "Na mimi nina kosa." Kosa lake lilikuwa nini?

ZOEZI

Jaza nafasi kwa kutumia moja ya maneno haya: amekimbia, amekimbilia, amekimbiza, amekimbizwa, amekimbiwa.

1. Bibi ameng'atwa na nyoka. __________ zahanati na wajukuu zake.
2. Mvua ilipoanza, mchungaji __________ kwenye kibanda.
3. Mdeni __________ kijiji ili asilipe.
4. Mbwa __________ nyani mpaka porini.
5. Mwenye duka __________ na wateja wake wote kwa sababu anapunja mizani.

KAZI YA DARASA

Kila mwanafunzi aandike ujumbe mfupi kumjulisha ndugu aliye mbali kwamba mtu wa nyumbani ni mgonjwa. Kisha badilishaneni karatasi. Anayepokea asome kwa sauti, aseme ameelewa nini na atakwenda wapi. Mwandishi asimsaidie. Kama msomaji ataelekea Mahenge wakati mgonjwa yuko Ifakara, mwandishi aandike tena.

Kumbuka, ndugu msomaji: wakati wa ugonjwa miguu iende upesi, lakini kalamu iende polepole.